Landrova Iliyopanda Inchi Nne

Mama mkwe wangu alikuwa na moyo uliopanuka. Daktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, alituonyesha kwa ngumi yake moyo unavyotakiwa kuwa, kisha akaweka ngumi ya pili juu ya ile ya kwanza. Alisema miguu itavimba, na hilo lisitutie hofu mradi anameza dawa zake. "Lakini siku mtakapomsikia anapumua kama mtu aliyekimbia, naye amekaa tu, msingoje kesho. Mleteni siku hiyohiyo." Niliporudi nyumbani niliyaandika maneno hayo katika daftari. Mimi huandika mambo. Na nilikwisha kujua ni kitu gani kilichosimama kati ya kitanda chake na Mulago. Kilikuwa daraja la magogo.

Alikaa kaskazini mwa mji, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, katika ukanda ule ambao vita viliupita kwa uzito. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma. Migomba ilikuwa imerudi kabla ya watu, na nyumba nyingi zilisimama bila mabati wala milango. Barabara kuu ilipitika. Njia ya kwenda kwake ilichepuka, ikashuka hadi kinamasini, na hapo magogo yalikuwa yamelazwa juu ya maji. Mvua zilikuwa zimeula udongo kwenye ncha zote mbili, hata daraja likabaki limeinuka kama meza. Gari lililojaribu kulipanda liliweka magurudumu ya mbele juu ya magogo, kisha tumbo likakaa kwenye ukingo, magurudumu ya nyuma yakabaki yanazunguka matopeni.

Tulikwama hapo mara mbili, mke wangu na mimi, tukienda kumchukua mama yake kwa siku ya kliniki. Mara ya pili tulikaa hadi saa kumi alasiri ndipo lori la mkaa likatuvuta, na kliniki ilikwisha kufungwa.

Gari lenyewe lilikuwa landrova ya zamani. Niliipata kwenye mnada wa vyuma vichakavu, na kabla ya hapo ilikuwa ya jeshi: si jeshi lililoshinda, lile lililoshindwa. Niliipaka rangi ya maziwa mwenyewe, mikono mitatu. Rangi ilibadilika, mlio haukubadilika. Katika kijiji kile kila mtu mzima aliujua mlio huo. Magari ya namna ile ndiyo yaliyokuja kuchukua watu, na waliochukuliwa hawakuonekana tena. Kwa hiyo mke wangu alikuwa na desturi yake. Tukivuka daraja, alitoa kichwa dirishani, kitambaa chake chekundu kikiwa kichwani, akaanza kusalimia kwa sauti kwa Kiganda, nyumba baada ya nyumba, akiwataja wenyeji na kuwauliza habari za kunde zao. Watu walitoka. Bila sauti yake sikuwahi kupita pale, na sikuwahi kujiuliza ingekuwaje.

Nami nilikuwa na sababu ya ziada ya kutaka kutangazwa. Babu yangu aliletwa nchi hii kutoka Sudan akiwa askari wa wakoloni, na baba yangu alikuwa dereva wa jeshi. Kwetu tulisema Kiswahili na Kinubi, na baada ya vita Kiswahili kikitoka mdomoni mwa mwanamume mgeni, watu wa kule walikaa kimya kwanza. Mimi nilikuwa fundi wa cherehani na pampu za maji, mwenye kibanda chake Kalerwe. Lakini uso wangu haukuwaeleza hivyo.

Mama mkwe ndiye aliyenipokea. Hakuniambia hivyo ana kwa ana. Kwa Waganda, mkwe mume na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia vichakani. Huko kuheshimiana wanakuita obuko, na jina hilohilo ndilo la ugonjwa unaompata anayevunja mwiko: mikono huanza kutetemeka, kisha kichwa, kisha mwili wote, hadi mtu anashindwa kupeleka kikombe mdomoni. Sikulelewa na mwiko huo. Niliushika kwa heshima, kama mtu anavyovua viatu kwenye nyumba ya watu. Miaka yote niliongea naye nikiwa nje, yeye akiwa nyuma ya pazia. Ndani ya gari alikaa nyuma na binti yake, na kati yetu tulitundika kanga. Kupanda alishikwa na binti yake, mimi nikitazama bomba la rejeta.

Baada ya kukwama mara ya pili niliamua kuliinua gari.

Niliacha shule darasa la saba, na mengi ninayojua niliyatoa vitabuni. Kitabu cha landrova nilikipata soko la Owino, kwenye rundo la vitabu vya shule vilivyolowa, kikiwa hakina jalada wala kurasa za mwisho. Kilikuwa cha Kiingereza kigumu. Nilikaa nacho majuma sita na kamusi, nikanakili michoro kwa penseli. Nilipoelewa vizuri nilikwenda Katwe kwa fundi mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, aliyejulikana kwa mikono myepesi na mdomo usiopumzika.

Aliingia chini ya gari, akatoka, akajifuta.

"Papa, iko njia mbili," alisema. "Njia ya haraka na njia ya kulia machozi."

Njia ya haraka ilikuwa kuinua bodi. Unalegeza boliti zinazofunga bodi kwenye chesisi, unainua bodi peke yake kwa jeki, unaingiza vipande vya mbao ngumu katikati, unafunga tena kwa boliti ndefu. Siku moja imekwisha. Bodi inapanda, na magurudumu makubwa yanapata nafasi. Njia ya kulia ilikuwa kuinua springi: kuzitoa zote nne, kuzipeleka kwa mhunzi azikunje upya, na kuongeza jani moja la chuma katika kila moja.

"Springi ni kama bibi wa pili," alisema yule fundi. "Unamuleta ye peke yake, kesho anakuja na ndugu zake bote. Leo springi, kesho shokamzoba, kesho kutwa mipira ya breki, kisha shafti inaanza kulia. Wewe Musilamu, unajua hii hesabu kunipita."

"Nina mmoja tu."

"Basi inua bodi, Papa, ubakie na mmoja."

Alikwisha kuchonga vipande vya mvule, kumi, vimekatwa kwa ustadi, kila kimoja kikiwa kipana kama kiganja. Nilimwomba anipe juma moja.

Nilirudi kwenye daraja siku kavu, nikiwa na kamba na mti ulionyooka. Nilipima urefu kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, nikavuta kamba ya urefu huo kando ya ukingo wa magogo, kutoka udongoni hadi juu ya daraja, nikaona ukingo unapanda juu ya kamba kwa kiasi gani. Kisha nikapima tumbo la gari, pale ambapo upau wa chesisi unapita chini ya gia boksi. Tofauti ilikuwa inchi tatu na nusu. Jibu likawa wazi kama maji ya mtungini. Ukiinua bodi, chesisi inabaki palepale. Kinachopanda ni viti, madirisha na dereva. Tumbo halipandi hata unene wa ukucha, isipokuwa kwa kile kidogo ambacho matairi makubwa yanaongeza. Ni mtu aliyevaa kofia ndefu akidhani atavuka mto bila kulowa. Springi tu ndizo zinazopandisha chesisi yenyewe. Springi inchi tatu, matairi makubwa inchi moja, jumla inchi nne. Nusu inchi ya usalama.

Niliandika kurasa kumi na moja. Nilipima pembe ya shafti kabla na baada. Niliagiza mipira ya breki mirefu, kwa sababu ile ya zamani ingevutwa hadi kukatika gurudumu likining'inia. Niliandika kwamba gari lililopanda linalala zaidi kwenye kona, na kwamba kwenye mteremko wa Lubaga nisizidi mwendo wa baiskeli. Kila hatari niliipa mstari wake.

Jambo moja tu sikulipa mstari. Katika njia zote mbili sakafu inapanda. Mtu anayeingia kwa mlango wa nyuma anatakiwa kuinua mguu inchi nne zaidi, na mtu niliyekuwa ninamfanyia kazi yote hiyo alikuwa na miguu iliyojaa maji. Nililifikiria, siwezi kusema sikulifikiria. Jioni moja nilimwuliza mke wangu akichambua mchele:

"Mama anaweza kuinua mguu hadi wapi?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Unauliza magoti ya mama yangu?"

"Nauliza kwa ajili ya gari."

"Hata kama ni kwa ajili ya ndege. Mambo mengine mkwe haulizi, bwana. Nitakuwepo mimi. Nitamshika mimi."

Niliona aibu. Katika daftari, mahali ambapo ningeandika kipimo cha hatua, niliandika: atashikwa na mke wangu. Ningeweza kupima kiti anachokalia. Ningeweza kutengeneza kidaraja cha chuma kwa nusu siku. Lakini kutengeneza ngazi kwa ajili ya miguu ya mtu ni kuifikiria miguu hiyo, na nilishika mwiko wa watu kwa bidii ya mgeni, kuzidi wenyewe.

Mhunzi alikunja springi. Fundi wa Bukavu alizifunga kwa siku tatu, akinung'unika kuhusu vipande vyake vya mvule. Mwishoni alinitupia vyote kumi garini. "Chukua, Papa. Utaweka chini ya jeki, ama utapikia." Niliviweka chini ya kiti cha nyuma. Landrova ilisimama mbele ya kibanda changu ikiwa juu, imekaa kama mnyama aliyesikia kitu. Nilimwona mzee mmoja jirani akivuka barabara ili asiipite karibu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, msimu wa mvua ndefu. Mke wangu alikuwa Masaka kwenye msiba wa shangazi yake, na hakuna simu ya kumpata. Saa tatu asubuhi dereva wa lori la mkaa alisimama mbele ya kibanda, hakuzima injini.

"Wewe ndiye wa cherehani? Nimetumwa kutoka kule kinamasini. Wanasema bibi anapumua kama mtu aliyekimbia."

Nilimwuliza tangu lini. Alisema tangu usiku. Kisha akaondoka, na mimi nikafunga kibanda.

Nilikwenda peke yangu. Mvua ilikuwa nyembamba, isiyo na haraka, ile inayonyesha kutwa. Nilipofika kwenye daraja niliweka gia ya chini, nikapanda. Magurudumu ya mbele yalishika magogo. Nilisubiri ile sauti ya chuma kukaa juu ya mti, haikuja. Gari lilipita juu ya ukingo, likashuka upande wa pili kama hesabu ilivyosema. Nakumbuka nilifurahi. Furaha ile ilidumu kama hatua mia.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na mlango wazi na moto unaofuka uani. Nilipoikaribia mlango ulifungwa. Katika ya pili niliona mwanamke ameshika jembe. Aliliacha likaanguka, akaingia kwenye migomba. Kuku walitawanyika njiani, na hakuna mtu aliyewaita. Ndipo nilipoelewa. Walisikia mlio ule, wakaona gari juu kuliko walivyolizoea, mwanamume peke yake nyuma ya kioo chenye ukungu. Hakuna kitambaa chekundu. Hakuna sauti ya kuwauliza habari za kunde. Nilitoa kichwa dirishani nikasalimia mwenyewe kwa Kiganda changu kibaya, na nyumba ya tatu nayo ikafunga. Nilipofika kwa mama mkwe kijiji kizima kilikuwa kimya, na mimi ndiye niliyekinyamazisha.

Alikuwa amekaa kizingitini, juu ya mkeka, mgongo kwenye mwimo wa mlango. Nilizima injini, na mara nikasikia pumzi yake kutoka pale nilipokuwa. Nilishuka nikaligeukia gari, nikampa mgongo.

"Mama, ni mimi."

"Nimesikia," alisema kwa Kiganda. Alisema maneno mawili mawili, kati yake akivuta hewa. "Nani mwingine ana gari hilo. Binti yangu yuko wapi?"

"Yuko Masaka, msibani."

"Na jirani yangu? Alikuwa hapa sasa hivi. Alikuwa ananipepea."

"Amekimbia, mama."

"Basi tungoje. Watarudi."

Nilitazama rangi ya maziwa mbele ya macho yangu, mahali ambapo brashi iliacha mistari. Niliyasikia maneno ya daktari sawasawa na nilivyoyaandika. Mara ya mwisho watu wa kijiji kile walipoingia vichakani kwa sababu ya magari kama langu, walikaa humo miezi.

"Hatuwezi kungoja, mama."

Nilifungua mlango wa nyuma. Nilitoa vipande vya mvule, nikavipanga viwili viwili matopeni, ngazi ya hatua mbili. Nilichukua mpini wa jembe uliokuwa umeegemea ukuta, nikamnyooshea upande mmoja bila kugeuka. Aliushika. Tulitembea hivyo kutoka kizingitini, mimi mbele nikimpa kisogo, yeye nyuma, mti kati yetu, kama watu wanaobeba mzigo usioonekana. Hatua zilikuwa kumi na nne. Alipumzika mara tatu. Mara ya tatu alitazama gari.

"Mkwe, limekua," alisema. "Mwezi uliopita lilikuwa fupi. Unalilisha nini?"

Nilicheka, na yeye alijaribu kucheka, kikohozi kikamzuia.

Alipanda hatua ya kwanza. Alipanda ya pili. Niliona umbo lake kwenye rangi iliyolowa ya ubavu wa gari, mguu ukiinuka, ukishindwa, ukirudi. Ukainuka tena. Sakafu ilikuwa juu ya vipande vile kwa kiasi ambacho mtu mwenye afya hakioni kabisa. Mbao ya mvule haiozi, lakini ikilowa inateleza kama sabuni. Kipande cha juu kilitoka. Nilisikia mti ukianguka, na mpini wa jembe ukawa mwepesi mkononi mwangu.

Niligeuka. Nilimdaka kabla hajafika chini, mkono mmoja mgongoni, mmoja chini ya magoti yale ambayo sikutakiwa hata kuyauliza. Alikuwa mwepesi na wa moto. Kwa nukta moja tulitazamana, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Kisha akavuta kitambaa akajifunika. Nilimweka ndani, nikafunga mlango, nikatundika kanga kana kwamba kulikuwa na kitu kilichobaki cha kukinga.

Daraja tulilivuka bila kugusa. Hadi barabara kuu hakusema neno. Mbele kidogo ya Kalerwe, sauti ilitoka nyuma ya kanga:

"Usimwambie binti yangu."

"Simwambii, mama."

Tulifika Mulago kabla ya saa nane. Walimwekea hewa, wakampa dawa ya kutoa maji mwilini, na siku ya tano alikaa kitandani akiagiza uji. Mke wangu alirudi, akasikia nimemleta peke yangu, akauliza nani alimshika. Nilisema majirani. Alifurahi kwamba watu wa kwao ni watu wema.

Mama mkwe aliishi miaka mingine minne. Katika mwaka wa pili mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Daktari alisema ni uzee, huenda na dawa. Niliitafuta dawa hiyo katika kitabu nilichoazima, nikakuta kweli kutetemeka kumeandikwa, mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo. Nilimwonyesha mke wangu. Alisoma, akafunga kitabu. "Wazee wa kwetu wangesema ni obuko," alisema. "Lakini ninyi hamjawahi hata kushikana mikono." Nyuma ya pazia mama yake alikohoa, mara moja. Alipofariki alikuwa akinyweshwa chai kwa kijiko, na siri yetu hakuitoa.

Nilitengeneza kidaraja cha chuma cha kupandia juma lile lile alipotoka hospitali. Kilinichukua nusu siku.

Landrova bado iko uani. Springi zimechoka, zimerudi chini inchi moja na robo. Nilizipima mwezi jana. Nililazimika kupima mara tatu, kwa sababu ncha ya rula haikutaka kutulia kwenye chuma. Mwandiko wa kurasa zile kumi na moja ni mnyoofu. Ninaoandika sasa una mawimbi madogo, yote upande wa kushoto wa herufi. Nimesoma ninachoweza kusoma. Kuna maelezo matano, na manne hayana uhusiano wowote na mama mkwe wa mtu.

Jana asubuhi nilimwaga chai. Si nyingi, iliishia kwenye kisahani. Mke wangu alikuwa akinitazama tangu nilipoinua kikombe. Aliweka chini mkate, akapangusa vidole, na hakuuliza kama nimekwenda kwa daktari.

"Ulimgusa lini?"

Nilitazama nje, mlango wa nyuma wa gari, kidaraja cha chuma kimekunjwa chini yake.

"Gari lilikuwa juu," nilisema.

Alichukua kikombe changu kwa mikono yake miwili, akakishikilia.

"Nilisema nitamshika mimi," alisema.